Mama Hakuinama

Harufu ya dawa ya kuchua yenye kafuri ikinipita sokoni, hata leo, ninasimama kidogo kama mtu aliyeitwa. Nyumba yetu ya mtaa wa Mapendo ilinuka hivyo kila asubuhi. Mama alijipaka kiunoni kabla ya chai, akisema, "Mugongo iliamuka mbele yangu," kana kwamba anamsema mpangaji msumbufu asiyehama.

Alikuwa na namna zake. Mbabula, jiko lake la makaa, aliiweka juu ya meza, apike akiwa amesimama. Alifagia nusu ya uwanja, akaketi kabla maumivu hayajamketisha, nusu nyingine ikangoja kesho, na hakuona haya. Jumamosi alipumzika mchana kutwa ili Jumapili asimame na kwaya mpaka wimbo wa mwisho. Majirani walicheka ule uwanja wa nusunusu. Mimi niliona aibu.

Nikiwa na miaka minane, nilianguka nikiruka kamba na wenzangu mbele ya nyumba. Mawe ya volkano hayana huruma, goti lilipasuka. Mama alikuwa mlangoni, hatua mbili tu. Nikamnyooshea mikono. Hakuinama.

"Simama, Aline. Kuya kwangu."

Jirani yetu, Mama Neema, ndiye aliyekimbia akaninyanyua. "Weye uko mama wa namna gani?" akamuuliza. Mama aliniosha goti nikiwa nimekalishwa juu ya meza, polepole, akipuliza kidonda. Lakini mimi nilikuwa nimeshakwenda mbali. Sikulia. Kwa miaka mingi nilimsalimia, nikala alichopika, nikamletea bulletin ya alama za shule aitie sahihi. Sikumwita tena kwa shida yoyote. Wala haikuwa hasira. Mahali pa hasira palikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Nilishakuwa mtu mzima nilipomsindikiza hospitalini. Daktari akamuuliza kama anaweza kuokota kitu chini.

"Nilishaacha, Dokta," Mama akasema. "Huyu mutoto alikuwa na miaka ine, nikainama kumubeba. Nikabakia kitandani mwezi muzima. Wakamupeleka kwa dada yangu, kule Kalengera. Wakati alirudia, hakunikimbilia tena. Dada yangu ndiye alikuwa anaita mama. Nikasema, sitainama tena. Afazali nibakie naye."

Aliyasema bila uchungu, kama mtu anayeeleza habari za mvua. Na mimi Kalengera niliikumbuka kama likizo tu: ndizi za kuchoma, na mbuzi mmoja mweupe.

Kumbe siku ile mlangoni, mikono yake ikining'inia, Mama alikuwa akijizuia ili nisichukuliwe tena. Mtoto angeyajulia wapi? Niliyangoja machozi pale mbele ya daktari. Hayakuja, na mpaka leo hayajaja. Nilichukua mkoba wake, tukatoka. Alitembea kwa mwendo wake, akapumzika mara mbili kabla ya kufika barabarani, nami sikumharakisha.