Mwandiko wa Pambizoni

Yule mtafiti wa miswada huja nyumbani kwetu Mafiga na glavu zake nyeupe. Kabla ya kuugusa utenzi aliouandika babu yake bibi yangu kwa herufi za Kiarabu, hutoka kwanza nje akakohoe. Kurasa huzifunua kwa kijiti cha mwanzi, na mmoja ukigoma huubembeleza, "Pole, mama, pole," kwa sauti ambayo sisi wenye nyumba hatujawahi kuipata. Sisi hutukataza kufagia.

Anachokipenda zaidi ni beti zilizoongezwa pambizoni kwa mwandiko mwingine, mwembamba, ulioinama. Juzi alimsomea bibi makala atakayoitoa Alhamisi mbele ya wasomi wenzake, bibi akiwa mgeni wa heshima. Humo amethibitisha kwamba beti zile ni za shehe mmoja msafiri, mwanamume mwenye elimu pana na huzuni nyingi.

Bibi aliacha kuchambua mchele. "Hizo zangu mimi, mwanangu. Za babu zilipooza, nikazitia chumvi."

Akafumba macho, akaghani ubeti mzima. Mtafiti aliufuata kwa kijiti neno kwa neno mpaka mwisho.

"Bibi," alisema kwa ile sauti yake ya kubembeleza karatasi, "Alhamisi naomba usije."

"Nguo nimeshashona."

"Basi uje, ila usiseme neno."

"Nisiseme? Na beti zangu ataghani nani, shehe wako?"