Dada Yangu Hakumpiga Mama

Mama alipopata kiharusi, dada yangu ndiye aliyemuuguza. Nalitanguliza hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kila ninapomlaumu, majirani wa kijijini kwetu Heru Juu hunikumbusha. Kwa miezi minne alimwogesha, akamgeuza kitandani asipate vidonda, akamlisha uji kwa kijiko na kumfuta mdomo. Hakumpiga wala kumfokea hata siku moja.

Mimi nilikuwa Kibondo, mkalimani wa Kirundi kwenye kliniki ya wakimbizi. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara, mkataba wangu ulikuwa ukingoni, nami niliogopa kuomba ruhusa. Nilienda kumwona Mama mara moja tu. Siku nyingine nilipiga simu.

"Mwambie nakuja mwisho wa mwezi," nilimwambia dada.

"Nitamwambia."

Mama alifariki kabla mwisho wa mwezi haujafika.

Jioni baada ya mazishi, jirani aliyekuwa akimsaidia dada kumgeuza Mama alinivuta nyuma ya jiko. "Mwanangu, ungekuja tu," alisema. "Hata kama mlikosana."

"Hatukukosana, mama. Nani kasema?"

Alionekana kujuta kufungua mdomo. "Dada yako alimwambia hutaki kumwona. Nilikuwepo. Mama yako aligeuzia uso ukutani siku mbili. Uji hataki, kuongea hataki."

Nilimkuta dada uani anasugua sufuria. Nyumba ilikuwa imejaa watu, kwa hiyo nilimuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli.

"Ni kweli," alisema, mkono ukiendelea kusugua. "Alikuwa anakuulizia kutwa nzima. Nikachoka. Nikaona akijua huji ataacha kuuliza. Na kweli aliacha."

Papo hapo waliingia wageni kutoka Kasulu mjini. Dada aliinuka, akafuta mikono, akaanza kulia kilio cha kukata maini. Wanawake wawili walimshika asianguke. Mimi nilibaki nimesimama, macho makavu, na najua walivyonitazama.

Kilio kile nilikijua. Nikiwa mdogo niliwahi kuungua mguu kwa maji ya ugali. Dada aliutazama mguu, akautazama uso wa Mama, ndipo akalia. Nyumbani walisema ni mzito wa kushtuka.

Nilirudi kazini nikiwa silali. Siku moja wagonjwa walipokwisha, nilimsimulia yote daktari wa afya ya akili niliyekuwa namtafsiria. Nilikuwa nimemsikia akitaja sosiopathi, yaani hali ya mtu kutokuwa na huruma wala majuto. Nikamuuliza, je, ipo ile ya kiasi? Ya nusu?

"Watu hudhani ni kitu unacho au huna, kama mimba," alisema. "Sisi hatukioni hivyo. Huruma inapungua kwa viwango. Mwingine anayo kwa wanawe tu. Mwingine anafanya kila kilicho sahihi, ila maumivu ya mwenzake hayamfikii. Wachache sana ndio hufikia kiwango cha kupewa jina hilo. Ila dada yako sijamwona, siwezi kumpa jina lolote."

"Huyo wa kiasi anapona?"

"Anaweza kujifunza kuishi na watu. Kuhusu kuhisi, sitaki kukudanganya."

Nililia mbele yake bila aibu. Nilitaka aniambie ni mgonjwa kabisa, nimsamehe, au ni mzima kabisa, nimchukie. Sasa nilibaki na dada aliyemwogesha Mama kwa mikono ileile, na sikujua nimfanye nini.

Mwezi uliofuata nilienda Heru Juu. Nilimkuta anamenya muhogo. Alinipa kigoda na kisu, nikakaa, lakini kisu sikukigusa.

"Dada, Mama alipogeukia ukutani, wewe ulisikia nini moyoni?"

Alifikiri kweli. "Nilisikia kwamba nyumba imetulia."

"Hukumwonea uchungu?"

"Najua nilitakiwa kumwonea. Nyie mnalia, mimi nawaangalia, najua sasa ni wakati wa kulia. Nimefanya hivyo tangu utoto. Nilidhani kila mtu anafanya hivyo." Alitupa kipande kwenye beseni. "Ungeniambia mapema kwamba neno lile litamuumiza, nisingelisema. Mara nyingine uniambie."

"Mara nyingine ipi? Mama tulikuwa naye mmoja!"

Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Dada aliweka kisu chini, akautazama uso wangu kwa makini. Nilingoja alie. Hakulia. Nadhani ile ndiyo mara ya kwanza hakuniigizia.

"Basi niambie mengine, mdogo wangu," alisema taratibu. "Yale yanayoumiza watu. Nitayashika."

Hakuwa ananidhihaki. Alikaa mikono magotini, anangoja. Nikajaribu. Nilimwambia asimwambie mtu kwamba hapendwi. Nikamwambia mgonjwa akimuulizia mtu, aitiwe, au apewe simu asikie sauti yake. Aliitikia kwa kichwa na kurudia neno kwa neno, "Apewe simu asikie sauti yake."

Hapo neno langu likanirudia. Miezi ile minne, simu ilikuwa mkononi mwake, na mimi sikuwahi kumwambia, weka kwenye sikio la Mama.

"Endelea," dada alisema. "Lingine?"