Kama Ilikuwa Dhahiri

Kilichoninyima usingizi ni swali moja: nikimwambia mkuu wangu kwamba namjua mvumbuzi, nitakuwa nafuata kanuni za ofisi, au nitakuwa bado namlinda?

Nilikuwa mgeni kazini katika ofisi ya mawakili wa hataza, hati zinazolinda uvumbuzi, hapa Brussels. Mteja wetu alitaka hataza ya kampuni nyingine ifutwe. Ilihusu utando mwembamba unaowekwa juu ya visahani vya silikoni ndani ya chombo kisicho na hewa. Zamani joto lilipimwa kwenye hita. Hataza hii ililipima kwenye kisahani chenyewe, ikalipunguza kadiri utando ulivyonenepa. Nilitakiwa kuonyesha kwamba fundi yeyote wa kawaida, akisoma nyaraka za zamani, angefika hapo hapo bila jasho; kilicho dhahiri hakipewi hataza.

Tulifundishwa kuanza na madai, yaani yale mvumbuzi anayodai ni yake, yaliyo mwishoni. Nikaanza huko. Hoja zilikuwa zimeshikana vizuri nilipofungua ukurasa wa mbele na kuona jina la mvumbuzi, mtu niliyempenda zamani.

Tulipoishi pamoja mtaa wa Etterbeek, alikuwa akirudi na visahani vilivyoharibika, zambarau upande mmoja, kijani upande mwingine. Siri ya kazi hakunieleza. Alinionyesha rangi tu. Kimoja kilipotoka rangi moja tupu, utando umelingana kote, alikichekea kama mtoto mchanga, akanikumbatia na koti lake lililolowa mvua. Kisha akaondoka, funguo akaziacha juu ya friji. Sasa nilikuwa nasoma alivyofanya, na chini yake maneno yangu: jambo dhahiri.

Shangazi, niliyehamia kwake, aliniona nimeacha chakula. Faili sikumtajia, nilisema tu kazi imemrudisha yule mtu.

“Bon, unamulilia tena? Muntu alikuacha!”

“Naweza kumharibia, shangazi.”

“Na roho yako inataka?”

“Kidogo.”

“Alors, toka mu hiyo kazi. Mkono wenye hasira haukati kitunguu, mutoto, unakata kidole.”

Asubuhi niligonga mlango wa mkuu wangu. Nilimwambia tuliishi pamoja, na kwamba nilichoandika kisitumike.

“Mwingine ataandika yale yale,” alisema kwa upole. “Unajua?”

“Najua, Madame.”

“Na hii ilikuwa kesi yako ya kwanza.”

Niliweka faili mezani kwake, nikatoka.