Kioo cha Chilongani

Kabla reli haijafika Dodoma, Chilongani wa Mkonze aliwatumikia Wajerumani kilimani, akipitisha habari kwa kioo kilichorusha mwanga wa jua. Siku moja kilima cha nyuma kilimmulikia amri: askari wa kambi ya mbele waende Mkonze, wakachukue ng'ombe wote. Wa mama yake wamo.

Alipoanza kuipitisha, aliacha kukigeuza kioo kulifuata jua, mwanga ukaangukia porini.

"Mbona hawajibu?" akafoka ombasha, mkuu wake.

"Labda wamesinzia, bwana."

"Saa nne hii? We Mgogo, unaniona mjinga?" Akakigeuza mwenyewe. "Anza upya!"

Ombasha hakujua kusoma ishara zile. Chilongani akatuma: askari wabaki kambini. Kambi ikamulika kwamba imepokea.

"Umeona?" ombasha akacheka.

Chilongani akaaga kwenda haja, akatimua mbio kuelekea Mkonze.