Gitaa la Baba na Tarehe ya Penseli

Sitaficha: gitaa la umeme la baba limenitia wivu miaka yote, na hata leo linanitia. Kabla hajafariki alisema liende kwa mwanawe aliyezaliwa mwaka ule ule lilipotengenezwa, ila mwaka wenyewe hakuutaja. Wazee wa ukoo hawakujisumbua kuutafuta. Wakampa kaka yangu, eti ndiye wa kiume! Mimi ndiye niliyejifunza kulipiga, mimi ndiye fundi redio hapa Biharamulo, na yeye kalitundika ukutani kwake Nyamiaga, kando ya kalenda. Roho iliniuma, acha tu.

Siku moja akaja nalo kwenye banda langu. Mgeni wake alikuwa amemuuliza ni la mwaka gani, akakosa jibu.

"Mdogo wangu, hebu liangalie. Jioni nitalipitia."

"Sawa, kaka," nikajibu, huku moyoni nachekelea. Leo tutajuana!

Nikafungua bamba la mbele. Chini ya kitufe cha sauti kiwanda hugonga namba, na ukizijua kuzisoma zinakupa mwaka. Nikazisoma mara tatu. Mwaka wangu! Nilipiga kelele hadi muuza vitenge wa jirani akaja kuchungulia. Nikavua nyuzi zilizoota kutu, nikafunga mpya, nikapiga mpaka vidole vikauma. Gitaa langu. Akija namwambia usoni.

Nilipotaka kurudisha bamba ndipo nikaiona lehemu iliyoshika nyaya za kitufe. Matone manene, yamekaa upande. Mkono wa baba ule, naujua. Kumbe kitufe alikibadilisha mwenyewe, wala hakikutoka na gitaa kiwandani.

Ningeweza kunyamaza. Nani mwingine angejua? Lakini mimi ningejua, na hilo lilinikera kuliko yote. Nikalegeza nyuzi, nikafungua skrubu nne zinazoshika shingo. Pale ndani, kwenye ubao usioguswa na mtu, palikuwa na tarehe ya penseli, mwandiko wa kiwandani. Mwaka wa kaka. Nililia kwa hasira, sioni aibu kusema.

Jioni akaja.

"Ni la mwaka wako, kaka."

"Si nilijua!" Akacheka, akalitia begani. Hata kugusa uzi mmoja asikie mlio, hakugusa.

Ukweli nilimpa. Ila nyuzi mpya nilikuwa nimeshazivua, nikamrudishia zile za kutu. Mwaka umepita sasa, na bado hajagundua.