Asali Niliyopanda Nayo Ngong

Mpaka sasa moyo haujatulia. Jumamosi, Rispa, msichana ninayetaka kumuoa, alinialika tupande vilima vya Ngong pamoja na baba yake. Mimi nilete asali ya kupaka mkate. Kwa kuogopa itamwagika, niliitia kwenye chupa ya kunyonyea ya mtoto wa dada yangu, nikaizungushia nepi yake safi. Nikajiona mjanja kweli! Hata nilivaa suruali mpya ya belbotomu, mpumbavu mimi.

Kule juu, mzee akitafuna mkate, akaniuliza kama nina mtoto mahali.

“Sina, mzee. Haki ya Mungu!”

Rispa akatabasamu, akafungua mfuko wangu atoe asali. Ikatoka nepi kwanza, kisha chupa ikabingirika hadi miguuni pa baba yake.

Mzee akaacha kutafuna.

“Na mama yake,” akauliza polepole, “umemwacha wapi?”