Bi Mdogo na Mabaka ya Ukoka

Mwaka aliostaafu unesi, mumewe alimpandia ukoka mbele ya nyumba. "Umesimama kwenye saruji maisha yako yote," alimwambia. "Sasa vua viatu." Majirani walimwita Sista, jina la wodini lililomganda mpaka uzeeni.

Mume naye alikuwa na mbwa wake, jike wa rangi ya kahawia, aliyemwokota akiwa bado mdogo. Alimwita Bi Mdogo. "Bi Mkubwa, mwenzio ameshakula?" aliuliza huku akicheka. Sista alijibu, "Muulize mwenyewe, si mkeo?" Utani ule haukumkaa vizuri hata siku moja, ila aliuzoea.

Kisha mume akaanguka bafuni, akafariki kabla hajafikishwa hospitali. Watu walikuja, wakalia naye, wakaondoka. Binti yao alikaa mpaka likizo yake ikaisha, akarudi kazini kwake mbali. Nyumba ikawa kimya hadi mngurumo wa friji ukawa kero. Sista akawa analala mpaka jua limepanda, maana hakuwa na la kumwamsha. Alikuwa akimfungulia mbwa mlango, kisha anarudi kujifunika shuka.

Ndipo ukoka ulipoanza kuharibika. Lilitokea baka la njano la ukubwa wa sahani, likafuatiwa na jingine, na jingine. Katikati nyasi zilikuwa zimekauka kama zimemwagiwa maji ya moto, na pembeni zilikuwa za kijani kibichi kupita zote. Sista alidhani ni ugonjwa. Alinunua mbolea akainyunyiza kwa mkono wake, na mabaka yakazidi. Siku hiyo alikaa chini palepale kwenye ukoka, akalia kilio ambacho hata makaburini hakikumtoka.

Jirani yake, fundi cherehani, alimsikia akachungulia juu ya ua.

"Sista, kuna nini?"

"Aliniachia kitu kimoja tu, na nacho kinanifia mikononi."

Fundi alizunguka, akaingia, akachuchumaa kutazama. "Huu si ugonjwa. Ni mwenzio huyo," akasema, akimwonyesha mbwa kwa kidevu. "Mkojo wake una nguvu kama mbolea. Ukiwa kidogo unastawisha, ukiwa mwingi mahali pamoja unaunguza. Nawe umemwongezea mbolea juu! Akikojoa tu, mwagia maji mengi hapohapo. Au mtoe nje ya ua kabla hajakojoa."

"Umejuaje?"

"Mzee wako ndiye aliyenieleza. Kwani wewe ulidhani kila alfajiri alikuwa anakwenda wapi?"

"Kunyoosha miguu."

"Alikuwa anaulinda ukoka wako, Sista."

Sista aliugeukia mlango wa nyumba. Miaka yote ile alikuwa akisikia mlango ukifungwa taratibu, akageukia ukutani na kuendelea kulala.

Alianza na maji. Alimfuata mbwa kwenye ukoka na ndoo, lakini Bi Mdogo aliiogopa ndoo, akajibana mpaka Sista alipochoka na kuingia ndani, kisha akajisaidia kwa raha zake. "Mwanamke wewe una visa," Sista alimwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea naye kama mtu.

Alfajiri iliyofuata alivaa koti, akachukua kamba iliyoning'inia nyuma ya mlango. Hakujua njia, ila mbwa aliijua. Alimvuta kupita nyuma ya gereji hadi kwenye kiwanja kitupu chenye magugu, akachuchumaa hapo muda mrefu. Sista alidhani wamemaliza, lakini mbwa akazidi kumvuta mpaka kwa fundi baiskeli aliyekuwa ndiyo kwanza anafungua kibanda.

"Bi Mdogo!" mzee yule alifurahi. "Mmepotea wapi? Bwana yuko wapi?"

Kumbe hakuwa na habari. Sista, aliyewahi kuwapa ndugu wa wagonjwa habari kama hizo mara nyingi, safari hii aliizungusha kwanza kamba mkononi.

"Ametutoka, baba. Mimi ni mkewe."

Fundi baiskeli aliweka spana chini. "Kwa hiyo wewe ndiye Bi Mkubwa," alisema. "Nilikuwa namwambia, mlete siku moja tumwone. Anasema hapana, mwacheni alale, amewakeshea watoto wa watu wodini miaka mingi." Akapangusa kigoda cha pili kwa kitambaa chenye grisi, akamsogezea. Walikaa. Baiskeli zilipita, mbwa akasinzia miguuni pao.

Aliporudi, Sista alichimbua mabaka, akamwagilia udongo maji mengi kuusafisha, akapachika vipande vya ukoka alivyovikata pembeni. Mvua ziliponyesha vikashika, isipokuwa pale karibu na ngazi ambapo palibaki upara.

Binti alipiga simu Jumapili usiku. "Mama, huyo mbwa mpe mtu mwingine. Utahangaika naye mpaka lini?"

"Nikimpa mtu, asubuhi nitakwenda wapi?"

Binti akasema kesho ana kazi mapema, na Sista akasema haya, mwanangu, usiku mwema. Akabaki ameishika simu mapajani, mbwa akimtazama kutoka mlangoni.